Niliionea Wivu Mikono ya Tusekile

Hebu tega sikio, mwenzangu, wewe uliyeota meno ya pili wakati Mdachi anatawala huku kwetu. Nina jambo ambalo nimelianza mara nyingi mbele za watu nikaishia katikati kwa aibu. Leo nitalimaliza. Nitakwenda polepole, na ukiona nimejitetea mahali, nisamehe uendelee kusikiliza.

Juzi mkwe wangu alileta chungu kipya kutoka gulioni Matema. Alipokimiminia maji kwa mara ya kwanza, ile harufu ikapanda. Unaijua: kama mvua ya kwanza juu ya vumbi la uwanja, ila nzito zaidi, na moshi kidogo chini yake. Watu wengi huipenda. Mimi ilinishika tumboni, pale pale wivu unapokaa, kwa sababu ilinirudishia Tusekile, ndugu yangu, ambaye tulimzika mvua hizi zilipoanza. Nilimlilia sana. Na hata nilipokuwa namlilia, nilisikia wanawake wakisema, "Mikono ile, nani ataipata tena?" nikajikuta nimekunja uso. Mtu amelala kaburini, nami bado naionea wivu mikono yake.

Kwetu ni pale milima inaposhuka moja kwa moja mpaka ziwani, hata nafasi ya shamba inakuwa finyu. Watu wa bondeni, kuanzia Itungi mpaka Ipinda, wana migomba na udongo mweusi wa kulima. Sisi Wakisi tuna samaki na udongo wa kufinyanga. Wanaume huvua, wanawake hufinyanga, vyungu husafiri kwa mitumbwi na mitumbwi hurudi na chakula. Bei ya chungu siku zile ilikuwa tumbo lake. Mnunuzi alikijaza maharage au ulezi, akakumwagia kwenye kikapu chako, kisha chungu kikawa chake. Kwa hiyo mtoto wa kike wa kwetu alijua mapema kwamba chungu ni ugali. Mimi nililijua hilo vizuri mno. Nilifinyanga kama mtu anayetwanga, nikiwaza unga tu, na nilipomaliza nilitupa kigae cha kuzungushia nikakimbilia kuogelea.

Tusekile aliletwa nyumbani kwetu mama yake alipofariki. Mama yake alikuwa mdogo wake mama yangu, ameolewa kule juu milimani, kwa Wakinga. Alikuja na mkeka mmoja na kibuyu kimoja. Alikuwa mdogo kwangu kidogo, kichwa chake kinanifika sikioni. Wiki za kwanza hakusema kitu. Alikuwa anaokota mabaki ya udongo yaliyodondoka karibu na miguu ya mama, anayakanda, anayapandisha kuwa ukuta mwembamba, anazungusha kigae kwa kidole gumba cha mguu. Na akifika kwenye shingo ya chungu, alianza kuimba kwa puani, wimbo usio na maneno, midomo ameitokeza mbele kama samaki.

Sasa sikiliza asubuhi zetu zilivyokuwa.

"Subi! We Subi! Udongo unakauka!"

"Nakuja, mama."

"Utakuja mwaka gani?"

Nilipofika, Tusekile alikuwa ameshakaa. Hakuitwa. Kuitwa si jambo baya, wote tuliitwa. Lakini kuitwa mara tatu wakati aliye kando yako hajaitwa hata mara moja, hilo linauma kama mwiba wa samaki kwenye ufizi.

Kwa akili yangu ya kitoto niliona jibu ni moja tu. Hakuna anayefanya kazi bure. Kwa hiyo Tusekile alikuwa analipwa kwa siri, na anayemlipa ni mama yangu. Nilianza kupeleleza. Nilikunjua mkeka wake, nikatikisa kibuyu chake, sikupata kitu. Ndipo siku moja, nikiwa nimejificha nyuma ya matete, nikawaona. Mama alichovya mkono kwenye beseni la udongo lililofunikwa majani ya mgomba, akatoa kitu kidogo, akamwekea Tusekile kiganjani. Tusekile akakitia mdomoni. Akatafuna taratibu, macho amefumba. Mama naye akatafuna. Wakatazamana, wakatikisa kichwa kwa pamoja.

Mwenzangu, moyo wangu uliwaka. Ni asali, nikasema. Au mayai ya samaki. Wanakula vitamu wawili, mimi wananiachia sauti ya kuitwa tu. Nilisubiri mpaka walipokwenda kuchota maji, nikafunua yale majani, nikapapasa. Niliposhika donge laini nikalitia lote mdomoni, kubwa, nisije nikakosa.

Lilikuwa udongo. Udongo mtupu, baridi, uliojaa chengachenga za mchanga. Nilikuwa bado natema niliposikia kicheko nyuma yangu.

"Gwe Subi!" mama alisema, ameshika mbavu. "Umekula chungu kabla hakijapikwa!"

"Mnakula nini nyie?" nilifoka, udongo unanidondoka kidevuni. "Mlikuwa mnakula nini?"

Mama akachuchumaa akanieleza. Mfinyanzi huuonja udongo kwa meno, kwa sababu meno huujua mchanga kuliko vidole. Mchanga ukizidi, chungu kinapasuka motoni. Alikuwa anamfundisha Tusekile. "Nawe ningekufundisha," akasema, "lakini kila nikikutafuta uko majini."

Ningepaswa kutulia hapo. Badala yake nilikasirika zaidi. Kama angekuwa anapewa asali, ningeomba asali, basi. Lakini mtu asiyepewa chochote, utamwomba nini? Niligundua kwamba nilichokuwa nakitaka ni kile kilichomfanya aimbe puani, na sikujua kinapatikana wapi.

Siku moja nilimkuta anavunja chungu kizuri kilichokuwa bado kibichi.

"Mbona unakivunja?"

"Shingo imenikataa."

"Kingejaa maharage hicho!"

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa kingekaa kwa watu na shingo ile ile," akasema, akaanza kukanda upya.

Katika siku hizo ndipo Bibi wa misheni alipopita pwani yetu na mwavuli wake, akifuatana na mwalimu aliyemtafsiria. Alikuwa mama mwema. Alituosha vidonda kwa dawa iliyochoma kama pilipili, kisha akatupuliza mwenyewe. Aliona vyungu vyetu vidogo akavipenda, akataka kuwapelekea ndugu zake Ulaya. Mwalimu akatangaza kwamba msichana yeyote atakayeleta misheni chungu kidogo kizuri atapewa uzi mmoja wa ushanga mwekundu. Bibi akainua mmoja juu, jua likaupiga, sote tukapumua kwa pamoja. "Ndaga, ndaga," akasema Bibi kwa sauti yake ya ajabu, akijaribu kutushukuru kwa lugha yetu kabla hatujampa kitu.

Kuanzia siku hiyo hakuna aliyeniita tena. Niliamka mwenyewe. Nilifinyanga haraka haraka, nikasugua kwa kokoto mara mbili tatu, nikapaka udongo mwekundu kuficha makosa. Muda si mrefu shingo yangu ilikuwa nyekundu kwa ushanga mpaka chini ya kidevu. Tusekile aliendelea na mwendo wake. Alipeleka chungu kimoja, chembamba kama ganda la yai, akapewa uzi wake, na njiani kurudi akamvika mtoto wa jirani aliyekuwa analia. Basi. Akarudi kwenye udongo.

Wasichana wenzetu wakapata la kusema. "Tazameni shingo ya Tusekile, kama ya kuku aliyenyonyolewa!"

"Kuku aliyenyonyolewa hasikii joto," akajibu bila kuinua macho. Wakacheka wote, nao wakacheka upande wake, si wangu.

Na hapa ndipo naomba unielewe vizuri, maana ndipo nilipojifunza kwa uchungu. Nilikuwa na ushanga, yeye hana. Wivu ulipaswa kuisha, au kuhamia kwake. Haukuisha wala haukuhama. Jioni mama aliutazama ushanga wangu akasema, "Umependeza, mwanangu." Kisha akaenda kuchuchumaa kando ya chungu cha Tusekile, akaingiza kidole ndani ya mdomo wa kile chungu na kukizungusha taratibu, kimya, muda mrefu. Ningetoa ushanga wote kwa ajili ya kidole kile.

Siku iliyofuata nikafanya jambo baya. Tulikuwa majini tunaosha mikono. Nilisema kama mtu anayeongea habari za kawaida tu, "Mama ana mawazo kwa sababu yako."

"Mawazo gani?"

"Anasema unakula bure. Wenzako wote wana ushanga. Anasema asiye na kitu shingoni atarudishwa milimani kwa baba zake."

Maji yalikuwa yanamdondoka viganjani. "Amesema hivyo?"

"Amesema. Lakini usimwambie nimekuambia."

Kesho yake Tusekile alifinyanga vyungu maradufu kuliko mimi, vyote sura moja, ile iliyompendeza Bibi. Hakuvunja hata kimoja. Wiki haijaisha, shingo yake ilikuwa nyekundu kuliko yangu. Kila alipopata uzi alikuja kusimama mbele ya mama na kumtazama usoni, anangoja. Mama hakujua anangoja nini.

"Mwanangu, nani anakukimbiza?" alimuuliza.

"Hakuna, mama."

Ule wimbo wa puani ukakatika. Siku mbili za kwanza nilifurahi, nakuambia kweli. Nilifinyanga nikisikiliza kimya kile kama mtu anayesikiliza mvua juu ya paa. Siku ya tatu nikaanza kuona uwanja wetu umekuwa mkubwa na mtupu.

Kisha vita vikaja. Wazungu walipigana wao kwa wao, hata humu ziwani tulisikia mizinga. Bibi na mumewe wakaondolewa, sikuelewa ni kwa amri ya nani, na hakuna aliyekuja tena na ushanga. Baba akachukuliwa kuwa mpagazi pamoja na wanaume wengine, nyavu zikabaki zimetundikwa. Samaki wakapungua nyumbani, tukategemea vyungu kupata chakula cha bondeni. Wakati huo huo mama akashikwa na homa iliyomwacha mikono inatetemeka. Hakuweza kupandisha ukuta wa chungu. Akamtazama Tusekile, maana nani mwingine angemtazama?

Tusekile alikaa mbele ya udongo uliokandwa vizuri, mikono yake imelala magotini.

"Unaumwa?"

"Hapana, mama."

"Basi shika."

"Siwezi. Vidole vimenyamaza."

Udongo ulikaa hivyo mpaka ukakauka. Nami nilikuwa nafinyanga vyungu vyangu vya haraka, nusu vinapasuka motoni, vikapu vinarudi kutoka bondeni na maharage ya kufunika vitako vyake tu.

Asubuhi moja tukamkuta Tusekile mlangoni. Mkeka umekunjwa, kibuyu kimefungwa juu yake, ushanga wote umevuliwa na kuwekwa chini kwa mpangilio.

"Unakwenda wapi?" mama akauliza, ameshikilia mwimo wa mlango kwa udhaifu.

"Milimani. Naondoka mwenyewe kabla sijafukuzwa. Ushanga umekwisha."

"Nani anakufukuza?"

Tusekile akatazama chini. Nilikuwa nimemwambia asiseme, na hakusema.

Mwenzangu, njia ilikuwa wazi. Ningenyamaza tu, angepanda mlima, na mama angekuwa wangu peke yangu, kidole chake na macho yake yote. Ningependa kukuambia kwamba huruma ndiyo iliyonifungua mdomo. Haikuwa huruma. Niliutazama uso wa mama nikaona kwamba Tusekile akiondoka, mama atakuwa anatazama ule mlima kila siku, maisha yake yote, na mimi nitakuwa nimesimama mbele yake haoni. Wivu wenyewe ndio uliosema kweli.

"Ni mimi," nikasema. "Mama hakusema kitu. Nilitunga mimi."

Tusekile aliniangalia. "Kwa hiyo nilikuwa naogopa bure?"

"Bure."

"Siku zote zile?"

Nilitamani anipige, lakini hakunipiga. Mama naye hakunipiga, na hilo lilikuwa zito zaidi. Akauchukua mkeka, akaukunjua mahali pake pa siku zote, akamketisha Tusekile juu yake. Akamwambia, "Hapa hukuja kufanya kazi. Ulikuja kwa sababu mama yako na mimi tulinyonya ziwa moja. Ukikaa bila kugusa udongo mpaka uote mvi, utakula. Umenisikia?" Kisha akanigeukia. "Wewe, udongo ule pale. Utafinyanga peke yako."

Wengi tunadhani ukiondoa hofu, furaha inarudi siku hiyo hiyo. Haiko hivyo. Ni kama samaki waliokimbia kishindo cha kasia. Kishindo kinakwisha, nao bado wako mbali, na hakuna namna ya kuwaita. Tusekile alikaa siku nyingi amenipa mgongo, anachambua maharage au anambembeleza mtoto wa jirani. Mama hakumwomba. Mimi nilijitahidi na chungu kikubwa, cha kupeleka Ipinda, kwa sababu chakula kilikuwa kinakwisha kweli. Nilikipandisha, kikalala upande. Nikakiinua, kikalalia upande wa pili.

Siku moja nikasikia sauti nyuma yangu.

"Subi. Huo mdomo unamtukana nani?"

Nikageuka. Alikuwa anakitazama chungu, si mimi.

"Kama unaweza, nyoosha wewe."

"Sitaki."

Nikaendelea. Mdomo ukazidi kupinda. Nilimsikia anavuta pumzi kwa meno, kama mtu anayemwona mwenzake akikanyaga mwiba.

"Angalau zungusha taratibu," akasema.

"Nazungusha taratibu."

"Hiyo ni taratibu? Unasaga ulezi?"

"Basi niache!"

"Sogea, gwe, unaniumiza macho!"

Akanisukuma kwa bega, akakaa, akaingiza kidole. Hakufanya hivyo kwa ajili ya njaa yetu, wala kwa ajili yangu, maana bado alikuwa na hasira nami na angekuwa nayo mpaka mvua zilizofuata. Mdomo ulikuwa umepinda, naye hakuweza kuvumilia. Alipofika kwenye shingo, midomo yake ikatokeza mbele. Kisha, kwa mbali sana, puani, nikausikia.

Na wivu ukarudi palepale, mzima, haujapungua hata punje. Nilikuwa nimedhani kutubu kunauosha. Hakuuoshi.

Lakini siku ile ya kuchoma vyungu nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona. Tusekile alipofika kwenye moto alikuwa mtu mwingine. Alipanga nyasi ovyo, macho yalimtiririka machozi, akakimbia moshi kabla haujashika. "Nauchukia huu moto," alisema akikohoa. "Ungekuwa si lazima, ningeacha vyote vibichi." Mimi nilibaki. Niliona upepo wa ziwa unakula moto upande mmoja, nikaongeza matete upande wa mlima. Nikafukia penye majivu meusi, nikangoja yawe meupe. Nikatoa kimoja kwa mti mrefu, nikakigonga, kikalia vizuri, hakina ufa. Nilipoinua kichwa mama alikuwa amekaa kivulini na shuka lake, ananitazama.

"Nani kakuita hapo?" akauliza.

Nikafikiri. Hakuna aliyeniita. Na jua lilikuwa limeshavuka kichwa, sikuwa nimeogelea, wala sikukumbuka ziwa.

Tangu siku hiyo tulifanya hivyo. Yeye alifinyanga, mimi nilichoma. Vyungu vikaacha kupasuka, vikapu vikarudi vimejaa, tukafika salama mpaka siku baba aliporudi, amekonda, akaomba maji kabla ya salamu. Niliendelea kumwonea wivu Tusekile tukiwa wasichana, tukiwa wake za watu, tukiwa bibi. Ila tangu pale wivu wangu ulikuwa na kazi ya mikono, na mwenye kazi hapati muda mrefu wa kutunga uongo.

Kwa hiyo nakuomba jambo dogo, unaliweza. Kama yupo mtu unayemwonea wivu kwa jinsi anavyoipenda kazi yake, kesho nenda ukakae karibu naye akiwa kazini. Usimsifu, wala usimpe kitu. Muulize ni sehemu gani ya kazi hiyo inayomchosha, kisha uishike wewe mpaka jioni.